Kutoka Ghala la Wimbi hadi Gereji

Nyuma ya nyumba yetu, upande wa Mogogosiek, Konoin, katika Kaunti ya Bomet, kuna kipande cha ardhi ambacho hakijawahi kupandwa chai. Kwingine kote majani yamesogea hadi karibu na ukuta wa jikoni, lakini hapo hapana. Hapo ndipo kila kizazi cha boma hili kilipoweka kitu ambacho hakikutaka kukipoteza. Nyanya aliweka wimbi, Baba akaweka baiskeli, ndugu yangu mdogo akaweka pikipiki. Mimi niliweka gari, na ikanilazimu kujenga gereji kwa mshahara wa mwalimu na bonasi ya chai.

Ghala la Nyanya sikulikuta. Nilisimuliwa tu: fito zilizosukwa, udongo na samadi vikapakwa juu yake, na paa la nyasi. Lilijazwa wimbi la uji na la kutengenezea pombe ya sherehe, na mwanamke aliyekuwa na ghala lililojaa hakutishwa na kiangazi. Nyumba yenyewe ingeweza kuvuja na watu wakavumilia. Ghala likivuja, watu wangelala njaa.

Lililoliondoa ghala hilo halikuwa moto wala mchwa. Tangu miaka ya 1920 na 1930 Wakipsigis, watu wa kwetu, walikuwa wameshaanza kuliacha wimbi na kulima mahindi, ambayo yaliuzwa kwenye mashamba ya walowezi na kusagwa kwa vinu vya maji kando ya mito. Miaka hiyo hiyo makampuni ya Waingereza yalikuwa yakifyeka vilima vya Kericho na kupanda chai, zao ambalo Mwafrika hakuruhusiwa kulilima kwa faida yake hadi miaka ya 1950. Mpango wa kilimo wa Swynnerton, wa serikali ya kikoloni, wa mwaka 1954 ulipofungua mlango huo, na KTDA, mamlaka ya maendeleo ya chai, ilipoundwa mwaka 1964 ili kumhudumia mkulima mdogo, Babu naye alipewa miche. Kila mstari wa chai ulimeza mstari wa wimbi. Hatimaye ghala lilibaki halina cha kuhifadhi, na Nyanya akaligeuza kuni.

Baba alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani. Kazi yake ilikuwa kupima vikapu, kuandika kilo na kusikiliza malalamiko. Alikuwa na Black Mamba, ile baiskeli nzito nyeusi yenye kiti cha chuma nyuma, na kwa ajili yake akajenga banda pale pale palipokuwa na ghala. Alichimbia nguzo za mkaratusi moja kwa moja ardhini, akaweka mabati machache juu, na kwa ndani akapigilia mbao nyembamba za makasha ya chai. Siku hizo, kabla ya mifuko ya karatasi, chai iliyosindikwa ilisafirishwa kwa makasha ya plaiwudi yenye karatasi ya fedha ndani. Kasha lililovunjika halikutupwa. Nyumba nyingi za kwetu zilikuwa na kabati, dari au kitanda cha mtoto kilichoandikwa jina la kiwanda ubavuni. Banda la Baba lilinukia chai hata pale lilipokuwa na baiskeli na jembe tu.

Gereji halisi tulizijua kwa mbali. Tukipita katikati ya mashamba ya makampuni kwenda Kericho, tuliona nyumba za mameneja zenye bustani za maua, na kando yake kijumba cha mawe chenye milango miwili ya mbao iliyopakwa rangi ya kijani. Tulipoambiwa kwamba humo hulala gari tu, tulihesabu ni watu wangapi wangeweza kulala ndani. Wafanyakazi wenyewe waliishi chumba kimoja kimoja na jamaa zao wote. Nadhani ndiyo sababu kwa muda mrefu watu wa kwetu waliona kulijengea gari nyumba ni majivuno, hata kwa mtu aliyekuwa na gari.

Pikipiki ndiyo iliyobadilisha fikra hizo. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo, na baada ya miaka michache kila njiapanda ilikuwa na vijana wa bodaboda. Ndugu yangu alinunua yake kwa mkopo. Nguzo za Baba zilikuwa zimeoza pale zinapotokea ardhini, ambapo mti hulowa na kukauka, hulowa na kukauka, mpaka banda zima likaegemea upande kama mzee anayesikiliza redio. Ndugu yangu alilishikilia kwa miti ya kuegemeza, akatia mnyororo na kufuli. Lilikuwa kufuli la kwanza la nje katika boma letu. Mama alilichukia. Alisema linawatangazia wezi kwamba kuna kitu.

Nilinunua gari langu, Toyota Probox, mwaka 2016. Lilikuwa limetumika Japani kwanza, kama magari mengi yetu, kwa kuwa sheria ya Kenya inaruhusu gari lililotumika kuingia mradi halijapita miaka 8. Nililiegesha chini ya mti wa jirani hadi mvua kubwa ya kwanza. Anayezijua Kericho na Bomet anajua kwamba alasiri mbingu hazina adabu. Joto la asubuhi hukutana na upepo unaopanda kutoka Ziwa Viktoria, wingu likasimama, na mawe ya mvua yakaanza kushuka. Eneo hili ni miongoni mwa yale yanayopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani. Siku hiyo chai iligeuka vijiti, na boneti ya gari ikaonekana imegongwagongwa kwa nyundo. Oktoba 2017 bonasi ilipotoka, nikamwita fundi.

Kwetu malipo ya majani ya kila mwezi ni ya chumvi na karo, bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai ni ya mabati. Ikifika Oktoba, maduka ya vifaa vya ujenzi ya Litein na Bomet hujaa watu, na wenye malori hawashiki simu. Nilikuwa na mchoro wa kuta za mawe, milango ya chuma na sakafu ya zege, futi 20 kwa 12. Fundi aliutazama, akaukunja vizuri, akanirudishia.

"Mwalimu," aliniambia, "gari halisikii baridi. Kinacholiua ni maji ya juu na maji ya chini. Paa ndilo gereji. Kuta ni heshima tu, na heshima unaweza kuinunua baadaye."

Tukapanga upya. Tulianza na udongo, kwa sababu hapo pesa hazikuhitajika. Mteremko ulichimbwa kwa majembe ili kuongeza uwanja, na vijana wa kokwet, yaani ujirani wetu, walikuja kusaidia kwa chai na githeri. Upande wa juu tulichimba mtaro mpana wa kukamata maji kabla hayajafika kwenye msingi. Udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza vibaya, na jengo lisilo na mtaro katika nchi ya mteremko huoza kuanzia miguuni.

Nguzo tulikata kwetu. Karibu kila mkulima wa chai ana mikaratusi, kwani viwanda huitumia kama kuni za kukaushia majani. Safari hii hazikuchimbiwa ardhini. Fundi alimwaga vitako vya zege, akachomeka humo vipande vya bapa la chuma vilivyotobolewa, na kila nguzo ikafungwa kwa bolti juu ya usawa wa ardhi. Nguzo ikichoka unafungua bolti na kuweka nyingine, bila kulishusha paa. Kitu hicho kidogo, kilichochomelewa na kijana wa jua kali kando ya barabara, ndicho kilichoyatenganisha maisha ya jengo langu na ya banda la Baba.

Mbao za paa zilitaka kunishinda. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na ingawa marufuku hayo hayakugusa mashamba ya watu binafsi, wenye viwanda vya mbao wote waligeukia huko. Bei ya saiprasi ikapanda wiki baada ya wiki. Mfanyabiashara mmoja alikuja akaitamani mikaratusi yetu iliyosimama. Mama, ambaye hakuwahi kuuza kitu kwa bei ya kwanza, alimuuzia michache kwa bei ya juu, na pesa hizo zikalipia kupasuliwa kwa iliyobaki. Tukapata mbao za inchi 4 kwa 2 na 3 kwa 2 bila kugusa mshahara. Zilipangwa kwa vipande vya fito katikati ili hewa ipite, zikakauka kivulini kwa miezi. Mkaratusi ukipigiliwa mbichi hujipinda na kung'oa misumari.

Penye mabati ndipo fundi alipokataa katakata kuweka akiba. Geji 32 ni rahisi, lakini ni nyembamba kuliko 30 ijapokuwa namba yake ni kubwa, na kwenye mawe ya mvua tofauti hiyo huonekana kwa macho. Tulinunua geji 30 na kupunguza gharama kwa umbo: paa la mteremko mmoja, lisilo na mgongo wala kofia, mbao chache na misumari michache. Upande wa chini ulining'inia nje kidogo ili maji yasirudi kwenye nguzo.

Kwenye sakafu pia tulifanya hesabu. Zege la inchi 4 kwa uwanja mzima lingekula mifuko 14 hivi ya saruji. Magurudumu hayakanyagi uwanja mzima. Tulimwaga njia mbili tu, kila moja futi 2 kwa upana, na hiyo ilikuwa theluthi moja ya kazi. Katikati na kandoni tulishindilia changarawe. Oili ikidondoka huanguka kwenye changarawe, unaizoa kwa koleo na kuweka mpya.

Oktoba 2019 ilikuwa zamu ya kuta na mlango. Mwaka huo bei za mnadani Mombasa zilikuwa zimeanguka, na bonasi ikashuka kiasi kwamba watu walirudi kutoka benki wakiwa kimya. Gereji ilibaki na turubai upande wa mbele. Kuta zilikuja polepole kwa mabanzi, yale maganda ya nje ya gogo ambayo wapasuaji wa mbao huuza kwa bei ya kuni. Tuliyasimamisha wima, gome likitazama nje, tukayapaka oili chafu. Mlango ni fremu ya mbao iliyovikwa mabati yaliyookolewa kwenye banda la Baba. Kwa ndani, palipobaki pengo, nilipigilia plaiwudi ya makasha. Harufu ilikuwa imekwisha.

"Hilo gari linalala pazuri kuliko ng'ombe," Mama alisema gereji ilipokwisha. Basi tukaweka mfereji chini ya paa na tangi pembeni, kwa ajili yake. Kila milimita ya mvua huleta lita moja kwa kila mita ya mraba. Paa letu lina mita za mraba kama 24, kwa hiyo mvua ya milimita 10, ambayo kwetu ni ya kawaida, hujaza lita zaidi ya 200. Safari za mtoni zikapungua, na majivuno yakasamehewa.

Sasa gari mara nyingi hulala nje. Kwanza mbolea ilihamia, ile NPK ya mifuko ya kilo 50, ikakaa juu ya mbao mbali na ukuta, maana chumvi yake ikishika unyevu hula bati na gari bila kuchagua. Halafu ndugu yangu akaleta mashine ya kuchuna majani, ya petroli, inayoshikwa na watu wawili na kufanya kazi ya watu wengi. Mei 2023, katika mashamba makubwa ya Kericho, mashine za kuchuna chai zilichomwa moto na waandamanaji waliosema zimewanyang'anya kazi. Ya kwetu ni ndogo, lakini wanawake waliokuwa wakituchunia kwa mkono wanaishi ng'ambo ya kijito, na wanajua inapokaa. Kufuli ambalo Mama alilichukia kwa sababu ya wezi, sasa linatuaibisha mbele ya majirani. Tumekubaliana kwamba mashine itoke msimu wa majani mengi tu, na msimu mwingine waitwe wao. Ndugu yangu anasema ni hasara. Yawezekana.

Bonasi ijayo ina waombaji wawili. Ndugu yangu anataka soketi na waya mnene ili achaji pikipiki ya umeme ambayo bado hajainunua. Mama anataka tangi la pili. Mimi nimempa Mama kura yangu, kwa hoja ile ya fundi. Vilivyokaa chini ya paa katika boma hili vimebadilika kila kizazi, na hata gari nililolijengea limeshatolewa nje. Anayejenga kwa pesa kidogo amalize paa na msingi sawasawa, kisha yaliyo katikati ayaache mepesi, ya kubanduka. Watakaokuja watayabandua, wapende wasipende.