Pilipili Usiyoila

Wahenga waliuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Methali hii huwaonya wanaojiingiza katika mambo yasiyowahusu. Lakini katika nyumba ya mfanyakazi, ambamo watu saba hula chungu kimoja, pilipili asiyoichagua mtu humwasha kila siku. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kuchagua pilipili si jambo dogo. Ni kuamua nani atashiba na nani atainuka na njaa.

Nyumbani kwetu Temeke, mume wangu hupenda mchuzi umtoe jasho. Kitinda mimba wetu ana miaka mitatu, na ukali kidogo tu humliza. Mama mkwe, mzaliwa wa Pemba, uzee umempunguzia ladha ya ulimi. Chakula kisicho na pilipili hukionja matonge mawili, kisha husema ameshiba. Kwa kumwonea haya mzee na kumhurumia mtoto, nilianza kuzitazama pilipili za sokoni kwa makini zaidi.

Kwanza ni majina. Hapa Dar es Salaam ukitaja hoho, muuzaji hukupa ile kubwa isiyowasha. Mama mkwe akitaja hoho, anakusudia pilipili kali. Ile kubwa kwake ni pilipili boga. Basi yafaa kumweleza vizuri unayemtuma sokoni, si kumtajia jina tu.

Hoho ya kijani haijaiva. Ikiachwa mtini huwa nyekundu na tamu zaidi. Hiyo huikaanga pamoja na vitunguu na nyanya, na mtoto huila bila kilio. Pilipili kichaa, ile ndogo yenye ukali wa kutisha, haiingii chunguni mwangu. Huiponda kwa ndimu na chumvi, nikaiweka mezani katika kibakuli, aitakaye achote. Hapo mume wangu hupata haki yake bila kumdhulumu mwanawe.

Iliyotupatanisha hasa ni pilipili mbuzi, kwa harufu yake nzuri. Huchagua iliyokaza, inayong'aa, yenye kikonyo kibichi, isiyo na ufa wala tundu. Maharage ya nazi yakikaribia kuiva, huitia nzima ielee juu, na kuiopoa polepole kabla ya kupakua. Ukali wa pilipili, ambao wataalamu huuita kapsaisini, umejaa zaidi katika utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Ganda lisipopasuka, harufu huenea chunguni na ukali mwingi hubaki ndani. Ile niliyoiopoa huiweka kwenye sahani ya Mama, naye huiminya mwenyewe kwa kadiri apendavyo.

Ukali huo hauyeyuki vizuri katika maji, bali katika mafuta. Hivyo aliyekata pilipili apake mikono mafuta ya kupikia, kisha aioshe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Na mtoto aliyewashwa mdomoni apewe maziwa, kwani maji hayamsaidii sana.

Siku hizi Mama humaliza sahani yake. Aghalabu ukali wa mboga huamuliwa na aletaye mshahara. Mimi naona waangaliwe kwanza wawili: mtoto asiyejua kujieleza, na mzee anayesema ameshiba ilhali sahani yake ingali imejaa.