Mtoto ni Mkenya, Mama ni Mgeni

Leo sina vichekesho. Leo ni mambo ya karatasi, juu kuna watu wengi wanadhani ukioa mtu wa nje na apate mimba, basi mambo ya viza yameisha. Hayajaisha. Ndiyo kwanza yanaanza.

Kesi ni ya nyumbani kwetu. Bro yangu mkubwa alifanya kazi Doha, akapatana na msichana wa Ufilipino. Mwaka jana walifunga ndoa huku kwa msajili, cheti kipo. Shemeji akarudi kumaliza kandarasi yake, na mwaka huu akaja Moiben akiwa na mimba ya wiki 13. Mathe alimkaribisha na mursik, majirani wakampa jina la kwetu. Ukiuliza mtu yeyote hapa senta, atakwambia huyo ni bibi ya hii boma. Wazee wanauliza kwa roho safi kabisa: "Si ashaolewa? Viza ya nini tena?"

Shida ni kwamba ile stempu kwa pasipoti haijui mursik.

Fanya hesabu na mimi. Aliingia kama mgeni, akapewa siku 90. Hizo zinaisha mimba ikiwa karibu wiki 26. Unaweza kuomba kuongezewa, unatuma ombi kwa mtandao wa eFNS wa Idara ya Uhamiaji, lakini mgeni kwa kawaida hapiti miezi sita kwa jumla. Miezi sita inamfikisha wiki ya 39. Mtoto anatarajiwa wiki ya 40. Umeona hapo? Karatasi inaisha wiki moja kabla ya mtoto kufika. Na usiseme apande ndege arudi kwao, mashirika mengi hayabebi mama akishapita wiki 36.

Sasa sheria inasema nini? Mimi niliacha chuo, lakini kusoma sikuacha. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtoto ni raia kwa kuzaliwa kama mama au baba ni raia siku hiyo anazaliwa, hata kama amezaliwa nje ya Kenya. Zamani haikuwa hivyo. Chini ya katiba ya kwanza, dada yetu Mkenya akizalia nje na baba mgeni, mtoto hakupata uraia kupitia kwake. Na mwanamume mgeni aliyeoa Mkenya hakuwa na njia ile mke mgeni wa Mkenya alikuwa nayo ya kuandikishwa raia kwa sababu ya ndoa. Hiyo ilirekebishwa, na ni vizuri.

Lakini kwa mume au mke, sheria inasema ngoja. Ukaaji wa kudumu unaomba baada ya miaka mitatu ya ndoa. Uraia ni baada ya miaka saba, kifungu cha 15. Kwa hivyo huyo mtoto atakuwa ameshaanza shule kabla mama yake aweze hata kuomba kuwa raia. Na juu katiba inaruhusu uraia wa nchi mbili, na Ufilipino pia wanamhesabu kama wao, mtoto ana nchi mbili hata kabla hajalia mara ya kwanza. Mama yake anahesabu siku.

Katikati ya mgeni na mkazi kuna pasi ya mtegemezi, ile ambayo raia anaombea mume au mke wake. Hiyo ndiyo ya kukimbilia, si kuongeza siku tu. Kuongeza siku ni kununua muda wa kungoja hiyo pasi. Bro aliomba zote mbili: siku zaidi kabla zile 90 kuisha, na pasi ya mtegemezi wiki hiyohiyo. Ujue tu kwamba pasi hiyo haikupi ruhusa ya kuajiriwa. Kazi ina kibali chake.

Kuna msee hapa alimshauri eti avuke tu Malaba, agongewe stempu Uganda, arudi na siku mpya. Boss, hizo siku mpya ni uamuzi wa afisa, si haki yako. Na safari ya barabara na tumbo la miezi nane ni yako, si ya yule alikushauri. Kukaa tu kimya nayo ni hatari. Kukaa nchini bila ruhusa ni kosa, faini inaweza kufika shilingi 500,000 au jela hadi miaka mitatu.

Naelewa kwa nini serikali inangojesha. Ndoa za makaratasi zipo, watu wanaoa pasipoti. Uraia ungoje miaka saba, sina neno. Lakini kukaa tu na bwanako mpaka ujifungue si uraia. Kifungu cha 45 kinasema familia ndiyo msingi wa jamii na serikali itailinda. Basi mwenye cheti cha ndoa na kadi ya kliniki angepewa siku za kumfikisha kujifungua na miezi michache ya kunyonyesha, bila kuhesabiwa kama mtalii.

Mpaka hiyo ifike, kama uko kwa hii hali: sajili ndoa mapema, hata ile ya kimila. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka isajiliwe. Omba kabla siku ziishe, chapisha risiti ya ombi na uitembeze na pasipoti. Na mtoto akizaliwa, hakikisha jina la baba limeingia kwa cheti cha kuzaliwa, juu hapo ndipo uraia wake unaonekana.

Sisi tuko wiki ya 31. Siku zimeongezwa, pasi bado tunangoja. Cheti, risiti na kadi ya kliniki ziko kwa bahasha moja, na mathe ndiye anaiweka.