Nilidanganya Kuhusu Ladha ya Waini

Wacha niungame. Ile video yangu ya kuonja waini, pale nimeshika glasi kama balozi nikisema nasikia blakiberi? Nilidanganya. Sijawahi kula blakiberi maishani. Hata nikiikuta sokoni kesho nitaipita tu.

Ilikuwa hoteli moja Westlands, watu kama ishirini, wote wamevaa vile watu huvaa wakijua watapigwa picha. Mimi nilialikwa sababu ya wafuasi, si sababu najua kitu. (Kama hujafika 18, wewe shika tu hiyo sehemu ya nyama, waini itakungoja.)

Chupa ya mwisho ilikuwa Madiran. Hii inatoka kusini magharibi mwa Ufaransa, karibu na milima ya Pyrenees, na zabibu yake kuu inaitwa Tannat. Rangi ni nyeusi karibu kama wino. Nikapiga funda moja na mdomo ukakauka wote, ulimi ukabandika juu kama nimetafuna ndizi mbichi. Huo ukakasi ni wa tanini, kitu kinachotoka kwa maganda na mbegu za zabibu. Chai ya rangi ikikaa kwa majani mda mrefu inakufanya hivyo hivyo. Tanini inashika protini za mate yako, ndio maana mdomo unabaki mkavu. Na Tannat inazo kupita kiasi. Huko Madiran kwenyewe, miaka ya 1990, mkulima anaitwa Patrick Ducournau alianza kupitisha hewa kidogo kidogo ndani ya waini ikiwa bado kwa tangi, ndio ilainike.

Sasa mwalimu akauliza, "Unasikia harufu gani?" Jamaa mmoja akasema ngozi. Dada mmoja akasema tumbaku. Kamera ikanigeukia. Kichwani nilikuwa na jibu moja tu, na niliona aibu kulisema. Nikatoa blakiberi. Watu wakatikisa vichwa, poa, tukaendelea.

Nikapewa chupa ya kubeba nyumbani. Jumapili nikaifungua saa nne asubuhi, nikaiacha wazi mpaka saa saba, maana waini kali hivi inahitaji kupumua. Tulikuwa na mbuzi choma, mbavu zenye mafuta. Wenyeji wa kule huinywa na bata aliyepikwa polepole kwa mafuta yake mwenyewe, ama maharagwe yaliyochemka na bata na soseji. Ukiangalia vizuri wazo ni lile lile: mafuta, chumvi na protini. Tanini inapata kitu kingine cha kushika, inaacha ulimi wako. Manze, ile waini ilibadilika! Ule ukali ukashuka, tunda likatokea, na nyama nayo ikakaa tamu zaidi.

Halafu nikaharibu. Nikaweka kachumbari yenye pilipili. Pilipili na tanini zikaungana zikanipiga pamoja, mdomo ukawaka moto. Samaki usijaribu kabisa, unaeza sikia kama umelamba msumari.

Mamangu hanywi. Tangu ile miaka ya baba, chupa haikai kwa meza yetu, na hiyo siku nilikuwa nimeomba ruhusa kabla ya kuileta. Alikuwa anakula kimya. Ghafla akanyoosha mkono, akachukua glasi yangu. Nikaacha kutafuna. Akainusa tu, akairudisha.

"Hii ni zambarau," akasema. "Zile mlikuwa mnaokota kwa shosho mnarudi na ndimi nyeusi."

Hilo ndilo jibu nilimeza pale Westlands. Zambarau. Nyeusi, tamu, na inakukausha ulimi vile vile. Sikuweza kulisema mbele ya watu ishirini, nikaazima tunda la mtu mwingine, na nyinyi mkaniamini. Kuna msichana alinitumia ujumbe kuwa amenunua chupa ya bei kubwa juu ya hiyo video, na hakusikia blakiberi yoyote, kwa hivyo labda ulimi wake una shida. Ulimi wake hauna shida. Mimi ndio nilikuwa na shida, na nilikaa na huo ujumbe siku tatu bila kumjibu.

Hiyo video ndio imetazamwa kuliko zote nimewahi kuweka. Naitoa leo jioni. Nitarekodi nyingine, nikiwa nyumbani, na mbavu za mbuzi, bila kachumbari. Mama amekubali nitumie meza, lakini amesema chupa itoke siku hiyo hiyo.