Ulimi Uliosuguliwa na Mawe

Nilizaliwa Nkome, ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Geita, na mshipi wa kwanza nilioushika maishani ulikuwa wa baba yangu mdogo. Haukuwa na fimbo. Ulizungushwa kwenye kipande cha mti, na mwisho wake ulikuwa na ndoana moja na jiwe dogo. Baba mdogo alinifundisha kushusha jiwe mpaka liguse chini, kisha kulipandisha kidogo na kusubiri. "Mwanangu," aliniambia, "juu utaona mawimbi tu. Jua kwanza chini kuna nini." Nilimsikiliza kama watoto wanavyosikiliza wakubwa: maneno niliyashika, maana yake ikanichukua miaka.

Mwaka 1996 niliajiriwa katika kambi moja ya watalii wanaovua karibu na Kisiwa cha Rubondo, kwenye kona ya kusini-magharibi ya ziwa. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Nyavu haziruhusiwi huko, ila mgeni mwenye kibali anaweza kuvua kwa fimbo, na anachokifuata ni sangara. Kazi yangu ilikuwa kuosha boti, kubeba mafuta na kufunga mishipi. Siku ya pili nahodha alifungua sanduku lake la chambo, nikaona kitu ambacho Nkome hatukuwa nacho: samaki wa mbao na wa plastiki, wengine warefu kuliko kiganja changu, wana macho ya kuchorwa na ndoana za meno matatu zinazoning'inia tumboni na mkiani. Chini ya kidevu cha kila mmoja kulikuwa na kibao chembamba cha plastiki. Nahodha alikiita ulimi, nami nimekiita hivyo hadi leo.

Nilivutiwa na rangi. Asubuhi moja nahodha aliniachia nichague chambo cha mgeni, nikamfungia kizuri kuliko vyote: tumbo la fedha, mgongo wa buluu, ulimi mfupi uliosimama wima. Tulikikokota nyuma ya boti saa tatu nzima bila kuguswa. Nahodha alikivuta ndani, akaniwekea mkononi. "Pitisha kidole kwenye ulimi wake," alisema. "Leo umegusa nini?" Ulikuwa laini kama ulivyotoka dukani. Chini yetu maji yalikuwa na kina cha mita nane, na chambo changu kilikuwa kikiogelea mita mbili tu kutoka juu. Kisha akatoa kingine, kizee, rangi imebanduka mpaka mbao inaonekana, ulimi wake mrefu umelala mbele na umekwaruzwa hadi ukawa mweupe. Hatukumaliza kupita mlima wa mawe ulio chini ya maji kabla rili haijalia.

Siku hiyo nilikumbuka jiwe la baba mdogo. Ulimi ule ulifanya kazi ileile ya kutafuta chini.

Kwa hiyo nikianza kumfundisha mtu, rangi naiacha ya mwisho. Kwanza namwonyesha ulimi. Ulio mfupi na uliosimama hukifanya chambo kiogelee karibu na juu. Huo unafaa kingo za matete na maji ya mita moja au mbili. Ulio mrefu na uliolala, unaofuata mstari wa mwili, huchimba. Vikubwa vya namna hiyo hufika mita sita, nane, hata tisa. Baada ya ulimi kuna mshipi. Mshipi mnene husukumwa na maji na kukiinua chambo, mwembamba hukiacha kishuke. Ukiachia mshipi zaidi nyuma ya boti kitashuka zaidi, mpaka kifike kikomo chake. Mwendo wetu ulikuwa ule wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo. Anayedhani kuongeza mafuta kutakizamisha chambo hujikuta anaharibu tu mchezo wake.

Mchezo wenyewe ndio siri ya chambo hiki. Maji yanaupiga ulimi, mwili unayumba kushoto na kulia, na ncha ya fimbo inatetemeka. Nilijifunza kuusoma mtetemo ule kwa kidole kilichoegemea mshipi. Mwili mnene hupiga kwa upana na taratibu. Mwembamba hutetemeka haraka. Ncha ikinyamaza, kuna gugu maji limenasa, na unakokota takataka. Ncha ikigonga mara moja, ikatulia, kisha ikaendelea, umegusa jiwe. Hapo usizungumze na mtu, kwa sababu sangara hushambulia mara nyingi dakika ileile chambo kinapogonga na kupotoka.

Kwa nini? Mgeni mmoja kutoka Ufini alinieleza jioni moja habari za Lauri Rapala, mvuvi wa kwao aliyechonga chambo chake cha kwanza kilichofanikiwa mwaka 1936, kwa gome la mti wa kizibo. Alikifunga karatasi inayong'aa ya chokoleti, akakipaka filamu za picha zilizoyeyushwa ili maji yasiingie. Mtu huyo alikuwa amekaa ndani ya mtumbwi akiwatazama samaki walao wenzao. Aliona kwamba katika kundi zima la samaki wadogo, wanamfuata yule anayeyumba, aliyeumia au aliyechoka. Nilifurahi sana kusikia hayo. Mbali huko kwenye barafu, mvuvi mwingine alikuwa ameujua ukweli ambao jiwe la Rubondo lilinifundisha.

Mawe yanachukua chambo pia. Vijana wengi kikinasa huvuta kwa nguvu, na ndoana zinazama zaidi kwenye ufa. Mimi hulegeza. Chambo cha kuelea kikipewa nafasi hurudi nyuma na kupanda chenyewe. Nimeokoa vingi hivyo, na kwetu kila kimoja kilitoka ng'ambo, hakikupatikana soko la Mwanza kesho yake.

Tena, kabla ya kukiachia chochote, hukikokota kwanza ubavuni mwa boti nikitazame. Kikikimbilia kulia, naipinda kidogo sana kwa koleo pete ya pua yake kuelekea kushoto. Kikienda kushoto, kinyume chake. Chambo kinacholala upande hakifiki kina chake hata ulimi uwe mrefu namna gani. Ndipo natazama maji. Yakiwa safi nachagua fedha na rangi za furu, vile visamaki vya mawe ambavyo sangara amevila tangu alipopandikizwa ziwani miaka ya 1950. Mvua ikileta tope, nachukua kijani na njano kali, chenye gololi ndani zinazolia, maana samaki husikia mtikisiko kwa ubavu wake hata pale jicho linaposhindwa.

Kazi hii ilinidai pia. Mwaka 2003 nilimshika sangara kwa haraka kabla hajatulia. Alijirusha, na ndoana ya mkiani ikazama kwenye mzizi wa kidole gumba changu, yeye akiwa bado ananing'inia kwenye ile ya tumboni. Mgeni alikata waya kwa koleo huku mikono ikimtetemeka. Tangu hapo nabana vishikio vya kila ndoana kabla ya kuifunga. Inatoka kwa urahisi kwenye nyama ya mtu, na kwenye taya la sangara ninayemrudisha. Namrudisha kwa moyo wangu wote. Sangara wakubwa kabisa huwa majike, wenye mayai kwa mamilioni, na nimeona kwa macho yangu samaki wakipungua ukubwa mwaka hadi mwaka mialoni kwetu, wa chini ya sentimita 50 wakiuzwa gizani ilhali sheria inakataza.

Sasa magoti hayapendi tena boti. Kijana wa jirani yangu ndiye anayeshika usukani, nami nabaki nchi kavu nikikarabati sanduku. Juzi alirudi magharibi, furukombe wanalia juu ya miti, wageni wameteremka kimya. Alinisalimia shikamoo, na kabla sijamuuliza kitu akaniwekea chambo mkononi. Nikapitisha kidole gumba, chenye kovu lake, kwenye ulimi. Ulikuwa umekwaruzwa upya, mweupe, ukali wa mawe bado uko juu yake.

"Hatukupata kitu, mzee," alisema, "lakini tulikuwa nyumbani kwao."

Nikamwambia asikibadilishe. Aanzie hapohapo alfajiri.