Usiniletee Karafuu

Nilipomwambia nyanya naenda Unguja, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Haya, nenda salama. Ila usiniletee karafuu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sisi ni Wamisheni wa Frere Town, Kisauni. Ile Kengeleni ambayo makanga wanaiita kutwa nzima imepata jina kwa kengele yetu, iliyogongwa kuwaonya waliokombolewa utumwani kwamba wakamataji wanakuja. Babu yake nyanya aliletwa hapo akiwa mtoto, miaka ya 1880, baada ya manowari ya Waingereza kumtoa jahazini. Nilidhani hayo tu ndiyo tunayoyajua.

Basi nikafika Mji Mkongwe na moyo uliojiandaa kulia. Kusema kweli, kwanza ulinipendeza, na hilo likaniudhi. Milango ya nakshi, baraza, vichochoro vinavyokupoteza makusudi. Seyyid Said alihamishia makao yake hapa kutoka Muscat, na pembe, karafuu na watu wakauzwa hadi mawe haya yakasimama.

Kila mtu aliuona mji wake. Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa 1844 katika kasri la Mtoni, na baadaye akaandika kuhusu tausi na paa waliokuwa wakizurura uani. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli, ana mimba ya Mjerumani. Mwaka uo huo Livingstone alipita, akalalamikia uvundo. Mmoja alipoteza nyumbani, mwingine alishika pua. Wa tatu, yule aliyeshushwa jahazini, hakuachiwa kalamu.

Mkunazini, kanisa la Kianglikana limejengwa palipokuwa soko la watumwa. Nje kuna shimo, na ndani yake sanamu tano za watu, minyororo shingoni. Kijana aliyetutembeza akasema soko lilifungwa 1873, Sultani Barghash alipokubali mkataba na Waingereza.

1873? Nikapiga hesabu mara mbili. Babu alikamatwa miaka kama kumi baadaye. Hakuuzwa hapa. Soko limeshafungwa, kanisa limeshasimama, na bado mtoto akatiwa jahazini. Machozi niliyoyabeba kutoka Mombasa yakakosa pa kumwagika. Nilijiona kama mtu aliyekuja matangani, akagundua ameingia nyumba siyo.

Nikampigia nyanya. "Hakupitia hapa," nikamwambia.

"Najua."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe ulishasoma kwenye simu." Akavuta pumzi. "Mjukuu wangu, soko ni mahali tu. Mashamba yalikuwepo. Yeye alikuwa anapelekwa Pemba, kuchuma karafuu. Mikono midogo, huko ilitakiwa sana."

Sikuwa na la kujibu. Kwa hiyo mkataba ulifunga mlango wa mbele ambao wageni waliuona, na watoto wakaendelea kuingizwa kwa mlango wa nyuma. Na mimi nimevuka bahari kuja kuulilia ule wa mbele.

Jioni, Darajani, mzee mmoja akaninyooshea kifuko. "Karibu binti, karafuu ya Pemba, safi."

"Ahsante baba, kwetu hatutumii."

Ilinitoka tu. Ndipo nikakumbuka pilau ya nyanya, ambayo kila Krismasi majirani huila, wakaisifu, halafu wakaulizana pembeni imepungukiwa nini.