Kifurushi Kijengwe Bila Intaneti

Nilipoanza kufungasha maktaba za Python kwa ajili ya mfumo endeshi wa Debian, jasho lote liliishia kwenye faili moja, debian/rules. Kila mfungashaji aliandika la kwake: safisha, jenga, sakinisha, peleka moduli mahali pake, kisha rudia kwa kila toleo la Python. Zana saidizi zilikuwa mbili, python-support na python-central, kazi ileile kwa njia tofauti. Ukirithi kifurushi cha mwenzio, kwanza ujue alifuata ipi.

Mwaka 2008 toleo la 7 la debhelper, zana saidizi ya kufungasha, lilileta amri ya dh, na faili ile ikapungua hadi mistari mitatu. Baadaye ikaja pybuild, ikabeba mzigo wa kurudia ujenzi kwa kila toleo la Python. Nakumbuka raha ya kufuta ukurasa mzima na kuandika:

dh $@ --with python3 --buildsystem=pybuild

Kanuni moja haikulegea, nami naipenda kuliko zote: kifurushi hakiruhusiwi kugusa intaneti wakati kinajengwa. Baadhi ya faili za setup.py zilikuwa zikijipakulia vitu katikati ya kazi. Kwa Debian, kila kinachohitajika lazima kitajwe kwenye orodha ya Build-Depends katika debian/control na kiwe tayari ndani ya Debian yenyewe. Kwa hiyo maktaba ndogo inaweza kukudai ufungashe kwanza nyingine tatu. Inachosha, lakini hata seva ya mwandishi ikizimwa kesho, kifurushi chako bado kinajengeka.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuiondoa Python 2, ambayo waundaji wake waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020. Huwezi kutoa maktaba wakati programu nyingine bado inaitegemea. Ni kama kubomoa ghorofa, unaanzia juu. Tulikagua nani anamtegemea nani, tukahamisha, tukafuta. Debian 11 ilipotoka mwaka 2021, maktaba nyingi za Python 2 hazikuwamo tena.

Siku hizi pyproject.toml inatamka wazi maktaba inajengwaje, na zana zinafanya mengi. Kusoma leseni za faili zote na kuziandika kwenye debian/copyright bado kunataka jicho la mtu.

Wewe unayeandika Python kila siku, chagua maktaba moja unayoitegemea, pakua chanzo chake kwa apt source, ufungue debian/control uisome. Wafungashaji wapya wanahitajika sana.