Nyumba Ndogo, Kiwanja Kipana



Hapa Bukavu, anunuaye nyumba ndogo kwenye kiwanja kipana hulipia udongo. Nyumba ni nyongeza tu. Mimi na dada yangu mkubwa tuliunganisha akiba zetu tukanunua ya namna hiyo huko Bagira: vyumba viwili na sebule, kuta za matofali ya udongo, mabati yenye kutu. Kiwanja chenyewe kina mita 25 kwa 40, nacho huteremka kuelekea bondeni. Majirani waliitazama nyumba wakatuhurumia. Dada alikitazama kiwanja, akaona viwanja vinne.

Kabla ya kutoa fedha tulidai cheti cha uandikishaji. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia daima, na haki hiyo husimama juu ya cheti kilichotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya mkuu wa mtaa ni ushahidi wa makubaliano, wala haimpi mnunuzi haki yenyewe. Wengi huishia hapo, cheti kikabaki na jina la marehemu, na siku moja warithi wake hubisha hodi. Sisi tulingoja hadi cheti kipya kikatoka kwa majina yetu mawili. Kungoja huko kulichosha, nakiri, lakini usingizi una thamani yake.

Ugomvi ulikuja baadaye. Dada alitaka tukate vipande vinne, tuuze vitatu, ili binti yake alipiwe chuo kikuu. Haja yake ilikuwa ya haki, na mtoto huyo ninampenda kama wangu. Lakini nilimwomba tuhesabu maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 30 ikinyesha, humwaga lita 1,800. Mapaa manne humwaga 7,200, na zote huteremka kwa jirani wa chini, juu ya udongo mwekundu unaoteleza ukishiba. Ongeza mashimo manne ya choo. Viwanja vingi vya mji huu vimekatwakatwa hivyo, na kila msimu wa mvua, tangu Septemba hadi Mei, tunasikia ukuta wa nani umeanguka.

Dada alinijibu, “Mdogo wangu, maji ya jirani hayalipi chuo.” Sikuwa na jibu la haraka.

Hatimaye tulijenga vyumba vitatu vya kupangisha upande wa juu, palipo sawa, karibu na barabara, tukaweka tangi chini ya mifereji ya paa. Upande wa chini ulibaki na miti ya avoka, migomba na majani ya kushika udongo. Kodi hulipa sehemu kubwa ya masomo ya binti. Iliyobaki tunachangiana, na kuna miezi tunayobanwa kweli. Mchoro wa vipande vinne dada hajauchana. Umo ndani ya bahasha moja na cheti, na kila Septemba, ada za chuo zinapotangazwa, huutoa akautandaza mezani.